Barua ya wazi kwa Mawaziri wa nchi nne za Ziwa Tanganyika: takwimu zinapanda ofisini, hazishuki kwetu wala hazivuki mipaka

Kwa Waheshimiwa Mawaziri,
Wajumbe wa Mkutano wa Mawaziri wa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika,
Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia.

YAH: OMBI LA KUWEKA WAZI NA KUSHIRIKIANA TAARIFA ZA ZIWA TANGANYIKA

Waheshimiwa,

Mimi ni mkazi wa mwambao wa Kigoma na mwandishi wa kumbukumbu katika kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, hivi vikundi tunavyoviita BMU. Kazi yangu ni ya daftari. Nahesabu mitumbwi iliyotoka na iliyorudi, napima sampuli za dagaa na migebuka, naandika aina ya nyavu, idadi ya taa, idadi ya wavuvi na bei ya siku. Mwisho wa mwezi karatasi zinakusanywa na kupelekwa juu. Zikishapita hapo, sijawahi kuziona tena kwa sura yoyote ile: si jedwali, si ripoti, si hata karatasi moja ya kubandika mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki.

Sikuanzia hadharani. Nimeuliza kwa mdomo, nimeandika kwa adabu, nimepeleka barua kwa mkono na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ofisi moja ilinijibu kuwa taarifa ninazoomba ni za matumizi ya ndani. Nyingine ilinishauri nisubiri mradi unaokuja. Jibu hilo la pili ndilo lililonifanya niandike hapa, maana mwambao huu umesubiri miradi tangu mimi sijaanza kushika kalamu.

Nasema na ninyi mawaziri, wala si wakuu wa ofisi hizo, kwa sababu ninyi ndio wenye mamlaka juu ya mkataba. Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika ulisainiwa Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003. Ndani yake nchi zote nne ziliahidi kupashana habari kuhusu ziwa na kuwashirikisha watu wanaoishi kandokando yake. Mamlaka yenyewe ikaanza kazi Bujumbura mwaka 2008. Ahadi hiyo ina umri wa mtu mzima sasa, na sisi wa mwaloni bado tunaulizia ziwa letu kwa wapita njia.

Haya ndiyo yanayonisumbua.

1. Kina cha maji

Naanza na hili kwa kuwa limebomoa nyumba.

Tangu mwaka 2020 maji yamekuwa yakipanda. Katonga, Kibirizi na Ujiji wamehama watu, mialo imezama, chanja za kuanikia dagaa zimesogezwa juu mara baada ya mara. Ng'ambo hali ilikuwa hiyo hiyo au mbaya zaidi: Uvira na Kalemie kule Kongo, Rumonge kule Burundi, na huko huko Gatumba iliyobanwa kati ya mto Ruzizi na ziwa. Mwaka 2024 bandari ya Bujumbura ilikuwa imefunikwa na maji, na kina kilikaribia kile cha mwaka 1964, ambacho wazee wetu wanakikumbuka vizuri.

Waheshimiwa, ziwa hili halipandi kwa usiku mmoja. Mto hufurika ghafla na kuua kabla ya alfajiri, lakini ziwa lenye urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470 hupanda kwa sentimita, mvua kwa mvua, msimu kwa msimu. Linaingiziwa maji na Malagarasi, na Ruzizi inayotoka Ziwa Kivu, na mito midogo isiyohesabika, na mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga pale Kalemie, na sehemu kubwa sana ya maji yanayoondoka hayapiti hata hapo, yanapaa kama mvuke. Maana yake ni kwamba mtu mwenye vipimo vya mvua, vya Ruzizi, vya Malagarasi na vya Lukuga mezani kwake kwa pamoja anaweza kuwaambia watu wa Katonga, miezi kadhaa kabla, kwamba mwaka huu maji yatafika wapi. Vipimo hivyo vipo katika nchi mbalimbali. Kuvikutanisha ndiyo kazi tuliyodhani Mamlaka iliundwa kuifanya, na kwamba nchi zingeipa vitendea kazi.

Tangu mwaka 1992, ilipoanza kuruka setilaiti ya TOPEX/Poseidon, kina cha ziwa letu kimekuwa kikipimwa kutoka angani. Mtu aliyeko Toulouse au Maryland akifungua kompyuta yake anaona mstari wa kupanda na kushuka kwa Tanganyika kwa zaidi ya miaka thelathini, bure, bila kuomba kibali cha mtu. Mama anayeanika dagaa Kibirizi, ambaye maji yamemfuata hadi mlangoni, hana pa kuupata mstari huo kwa lugha anayoisoma.

Halafu kuna suala la mita. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Burundi wao wameweka mita 150 kwa ziwa hili. Sina ugomvi na namba hizo. Nauliza: ukingo wa mwaka upi? Ziwa hili limepanda hadi kuvunja mlango wa Lukuga miaka ya 1870, likashuka kwa miaka mingi, likapanda tena miaka ya sitini, likashuka, na sasa limepanda. Mtu aliyepewa kiwanja wakati maji yako chini alipima mita zake 60 kwa uaminifu kabisa, kutoka ukingo aliouona kwa macho. Hakuna aliyemwonyesha alama ya 1964. Leo anaitwa mvamizi wa ziwa. Kama alama ya maji ya juu kabisa ingekuwa imewekwa na kutangazwa katika kila mji wa mwambao, kwa nguzo ya zege tu iliyopakwa rangi, mgogoro huu ungekuwa nusu yake.

Na nyongeza kwa wataalamu wenu: vipimo vya Kigoma, Bujumbura, Kalemie na Mpulungu kule Zambia vinasomwa kuanzia sifuri moja, yaani usawa mmoja wa kuanzia kuhesabu? Nimeuliza hili kwa watu wanaopaswa kujua, nikaangaliwa tu.

2. Samaki, na miezi mitatu ya kufunga ziwa

Tarehe 15 Mei 2024 ziwa lilifungwa hadi tarehe 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne. Tulitii. Sitasema tulifurahi. Mvuvi wa dagaa hana shamba la kumsubiri, na mwenye chanja, ambaye mara nyingi ni mwanamke mwenye mkopo wa kikundi, riba yake haikufungwa pamoja na ziwa.

Ziwa lilipofunguliwa tukaambiwa samaki wameongezeka. Inawezekana ni kweli. Mimi mwenyewe katika daftari langu niliona usiku kadhaa mizuri mwanzoni. Lakini mwalo mmoja si ziwa, na usiku kadhaa si mwaka. Tuliotoa miezi mitatu ya riziki tulistahili kurudishiwa jedwali: kabla ya kufunga, baada ya kufunga, mwalo kwa mwalo, nchi kwa nchi, uzito kwa mtumbwi kwa usiku. Namba hizo tumezikusanya sisi wenyewe. Tunaombwa imani kwa jambo ambalo ushahidi wake umetoka mikononi mwetu.

Tena yapo maswali ya haki ambayo bila takwimu za pamoja hayajibiki. Kusi inapovuma, kuanzia Mei hadi Septemba hivi, upepo husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na kule kusini, upande wa Mpulungu, maji ya chini yenye virutubisho huibuka. Kwa hiyo mwezi uleule, ncha mbili za ziwa haziko katika hali moja. Je, miezi mitatu inayofaa Mpulungu ndiyo inayofaa Rumonge? Huenda wataalamu walilipima hilo wakaridhika. Basi tuonyeshwe. Na kama walichagua tarehe moja kwa sababu ni rahisi kuisimamia mpakani, hiyo nayo ni sababu ya maana na tungeielewa. Kinachoudhi ni kuambiwa "utafiti umeonyesha" halafu utafiti wenyewe usionekane.

Angalieni wenzetu wa Ziwa Victoria. Wana matatizo yao, tena mengi, na sitaki kuwasifu kupita kiasi. Lakini kupitia shirika lao la uvuvi lenye makao Jinja, tangu mwaka 2000 Kenya, Uganda na Tanzania zimekuwa zikihesabu wavuvi, vyombo na zana, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, kwa utaratibu mmoja, nchi zote kwa pamoja. Kwetu hesabu ya ziwa zima kwa wakati mmoja ilifanyika mwaka 1995 ikapata wavuvi wapatao 45,000. Nyingine iliyofuata, ya 2011, ikapata zaidi ya 90,000. Kati ya hizo mbili ni miaka 16, na ndani yake wavuvi wameongezeka maradufu bila mtu kuona wakati wakiongezeka. Ukitaka kujua kwa nini mavuno kwa mtumbwi yamepungua, anzia hapo kabla hujamlaumu mtu mwenye kokoro, wavu ule wa kukokota.

3. Miradi

Nitaitaja kwa heshima kwa sababu ilifanya kazi nzuri. Mwaka 1992 ulianza mradi mkubwa wa utafiti wa uvuvi uliogharimiwa na Finland na kusimamiwa na FAO. Meli yake ya utafiti, Tanganyika Explorer, ilizunguka ziwa zima ikipima samaki kwa mawimbi ya sauti. Kati ya 1995 na 2000 ukaja mradi wa bioanuwai chini ya UNDP, na humo ndimo mazungumzo ya mkataba wetu yalipopikwa. Baadaye ukaja mpango wa PRODAP wa kuendeleza bonde la ziwa, wenye fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Hivi karibuni Umoja wa Ulaya, kupitia mradi wa LATAWAMA, umesaidia kupima ubora wa maji na kuinua maabara za nchi zetu.

Kila mmoja ulikuja na kompyuta zake, mfumo wake wa kuhifadhi, jinsi yake ya kujaza fomu. Mimi nimejaza fomu za aina nyingi kuliko aina za samaki ninaowapima. Mradi ukiisha, gari hubaki uani bila mafuta, kemikali za maabara huisha muda wake, na yule kijana aliyefundishwa kupima naitrojeni huajiriwa na shirika la wakimbizi kwa mshahara mara tatu, na simlaumu hata kidogo. Wakija wapya wanaanza na warsha ya "kubaini mahitaji". Mahitaji yalishabainiwa tangu enzi za Tanganyika Explorer.

Mtaniuliza, kwani daftari la zamani lina faida gani? Mwaka 2003 wanasayansi walichapisha katika jarida la Nature utafiti ulioonyesha kuwa maji ya Tanganyika yamepata joto, kwamba kwa sababu hiyo maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, na kwamba uzalishaji wa chakula cha samaki umeshuka kwa takriban asilimia 20, jambo ambalo kwa makadirio yao lingeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Waliwezaje kujua? Kwa kuwa kulikuwa na vipimo vya joto vya mwaka 1913. Mtu alishusha kipimajoto ziwani, akaandika namba, daftari likatunzwa, na miaka 90 baadaye namba hizo zikatueleza kwa nini wajukuu wa wavuvi wale wanarudi na mitumbwi mitupu. Sasa nauliza, vipimo vya 1996 viko wapi? Vya 2013? Vya mwaka jana? Atakayevitafuta mwaka 2100 ataandikia ofisi gani?

4. Uchafu na maradhi

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu kila mtu wa mwambao analijua. Kipindupindu hakionyeshi pasi mpakani. Uvira na Kalemie kinarudi mwaka hadi mwaka. Mwaka 2015 kiliwakumba wakimbizi wa Burundi waliojazana Kagunga, kijiji chetu cha mwisho kabla ya mpaka, na kikaua. Mitumbwi inavuka kila siku ikiwa na watu, vitenge, dagaa na mafuta ya mawese, na habari ya mlipuko huvuka na abiria hao hao kwa njia ya umbea. Majibu ya maabara ya Uvira yangeweza kumfikia mganga wa zahanati ya Kagunga siku ile ile kwa ujumbe wa simu. Kadhalika majitaka ya miji yetu yote, kuanzia Bujumbura, ambao ndio mkubwa kupita yote, hadi Kigoma yangu ambayo nayo haina la kujivunia. Maji ya ziwa hili hubadilika taratibu mno. Kilichoingia kinakaa.

5. Lugha

Mkataba wetu umeandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Naelewa ilikuwa lazima, Bujumbura na Kinshasa upande mmoja, Dodoma na Lusaka upande mwingine. Lakini shuka bandarini Kalemie, Uvira, Kigoma, Rumonge, usikilize watu wanagombea bei kwa lugha gani. SADC ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukafuata mwaka 2022. Nchi zenu zilikuwemo ukumbini. Ripoti ya kina cha maji ya kurasa mbili kwa Kiswahili, na kwa Kibemba kule Mpulungu, isingemshinda mtafsiri mmoja kwa asubuhi moja.

Najua mtakayoambiwa

Barua hii ikifika mezani kwenu, kuna atakayewanong'oneza majibu. Naomba niyatangulie.

Mtaambiwa hakuna fedha. Kwa maabara na meli za utafiti, hilo ni kweli, na hakuna anayedai meli kesho. Lakini kusoma kipimo cha maji asubuhi na kutuma namba kwa simu kunahitaji mtu mmoja anayelipwa kwa wakati. Daftari langu linaendeshwa bila mradi wowote. Kama michango ya nchi kwa Mamlaka inachelewa, hilo liko mikononi mwenu na wenzenu wa hazina, halijawahi kuwa mikononi mwa mvuvi.

Mtaambiwa ni suala la usalama, kwa sababu ziwa ni mpaka. Sijui adui gani atavamia kwa kujua kwamba maji yamepanda sentimita nne, na kama yupo, setilaiti imeshamwambia.

Mtaambiwa takwimu hazijahakikiwa, na kwamba Tanzania tuna Sheria ya Takwimu ya 2015. Ndiyo, tunayo, ikakazwa mwaka 2018 na kulegezwa 2019. Tunayo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, na Zambia wamepitisha ya kwao mwaka 2023. Kwa hiyo nchi mbili kati ya nne zimeshakubali kisheria kwamba taarifa za umma ni za umma. Toeni namba mkiziandika "za awali", kama wanavyofanya watu wa hali ya hewa, kisha mzisahihishe. Zikikosewa, wa kwanza kugundua watakuwa watu waliokuwa ziwani usiku ule.

Mtaambiwa wavuvi wakipewa takwimu watazitumia kuwamaliza samaki. Hili limenichekesha kila nilipolisikia. Mvuvi hahitaji jedwali la wizara ili kujua dagaa walipo. Anawaona chini ya taa yake.

Na zaidi ya yote mtaambiwa kwamba nchi huru nne, zenye sheria tofauti, haziwezi kugawana taarifa bila kwanza kumaliza mambo mengi magumu. Waheshimiwa, mmeshafanya hivyo, ila kwingine. Tanzania na Zambia zimo katika tume ya mto Zambezi, ambayo mwaka 2016 ilipitisha kanuni za kugawana taarifa. Burundi, Kongo na Tanzania zilikuwemo katika ushirikiano wa bonde la Nile wakati utaratibu wa kubadilishana takwimu ulipokubaliwa mwaka 2009, na mle ndani mmeketi na Misri na Ethiopia, ambazo ugomvi wao juu ya maji dunia nzima inaujua. Wa mto Mekong kule Asia, waliotoka kwenye vita vibaya kuliko tunavyoweza kusimulia, walisaini utaratibu wao mwaka 2001. Kwenye Tanganyika hakuna anayemnyima mwenzake maji. Inakuwaje ziwa lenye ugomvi mdogo zaidi ndilo lenye usiri mkubwa zaidi?

Tunachoomba

Kwanza, katika kikao chenu kijacho mpitishe kanuni za kubadilishana taarifa za ziwa, zitakazosema wazi nani anapima nini, anamtumia nani, kwa muda gani, na nini kinatangazwa kwa wananchi. Msingi uwe uwazi, na siri ndiyo iombewe ruhusa. Rwanda ialikwe hata kama haikusaini mkataba, maana bila vipimo vya Ruzizi kuanzia Kivu hesabu ya maji haifungi.

Pili, kina cha maji kutoka angalau Kigoma, Bujumbura, Kalemie na Mpulungu kitangazwe kila wiki, kwa sifuri moja, kwenye redio za mwambao na kwa ujumbe wa simu. Kando yake ziwekwe nguzo za alama ya 1964 na ya 2024 katika kila mji na kila mwalo mkubwa. Hili naliomba kwa msisitizo kuliko yote, kwa kuwa halihitaji utafiti mpya wala mfadhili.

Tatu, hesabu ya wavuvi na vyombo kila miaka miwili, na kabla ya ziwa kufungwa tena, matokeo ya kufungwa kwa mwaka uliotangulia yabandikwe mwaloni. Tukiona namba, wengi wetu tutakuwa walinzi wa katazo hilo bila kuitiwa askari.

Nne, kila nchi iajiri kwa mshahara wa serikali, wala si wa mradi, watu wa kudumu wa kukusanya, kutunza na kutuma taarifa za ziwa, na sharti la kila mfadhili mpya liwe kwamba data zake zinabaki katika hifadhi moja ya Mamlaka, pamoja na zile za miradi iliyopita ambazo bado zinaweza kuokolewa kwenye makabati na diski kuukuu. Wafundisheni pia wanaokusanya huku chini. Mimi nilifundishwa kuchukua sampuli kwa siku moja, na tangu hapo hakuna aliyekuja kukagua kama napima sawasawa. Siku moja nikikosea, kosa langu litasafiri hadi kwenye meza ya waziri likiwa limevaa suti.

Tano, muhtasari wa kila ripoti utolewe kwa Kiswahili.

Ikiwa lipo kati ya haya ambalo haliwezekani, tunaomba mtujibu kwa maandishi ni lipi na kwa nini. Jibu la "haiwezekani" lenye sababu ni bora kwetu kuliko muhuri wa kupokelewa. Na kama baadhi yake tayari yanafanyika, mtuelekeze mahali pa kuyaona, nami nitayanakili na kuyabandika kwenye ubao wa mwalo kwa mkono wangu.

Nawatakia kazi njema.

Wenu katika kulitunza ziwa,

Mwandishi wa kumbukumbu wa BMU,
Mwambao wa Kigoma.

Nakala:
Mkurugenzi Mtendaji, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, Bujumbura.
Waheshimiwa wabunge wa majimbo ya mwambao wa Kigoma, Katavi na Rukwa.
Vikundi vya wavuvi vya Rumonge, Uvira, Kalemie na Mpulungu, ambao naomba waongeze ya kwao na kuipeleka kwa mawaziri wao.